Kiwanja cha nyumbani kiandikwe: jibu kuhusu kufilisika Marekani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika majuma machache yaliyopita kwamba mtu wetu anayefungua kesi ya kufilisika hapa Marekani, yaani anayeiomba mahakama imfutie madeni yaliyomshinda, hunyang'anywa kila kitu hadi sufuria, na kwamba kwa sababu hiyo ni heri kuhama jimbo na kubadili namba ya simu kuliko kwenda mahakamani. Aliongeza kwamba anayelazimika kwenda asithubutu kuandika kwenye fomu kiwanja wala shamba alilo nalo nyumbani, kwa kuwa Mmarekani hana njia ya kulijua. Kauli yake ya kwanza si kweli. Ya pili ni ya hatari, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Niseme mapema kwamba mimi si mwanasheria. Ni mkalimani wa Kiswahili hapa Fort Worth, Texas, na mwaka 2025 nilifungua kesi hiyo mwenyewe baada ya bili za hospitali na madeni ya kadi za mkopo kunizidi. Nitakayoyaeleza ni yale niliyoyasoma kwa makini kwa sababu nilitakiwa kuyaapia. Mwenye shauri lake amwone wakili wa jimbo anamoishi.

Hofu ya mwandishi yule naijua inakotoka. Wengi wetu tumekulia mitaa ambako deni likishindikana huja dalali na gari, na majirani husimama vibarazani wakihesabu godoro, kabati na televisheni vinavyopakiwa. Lakini hata nyumbani sheria haikuruhusu kila kitu kibebwe. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya Tanzania inakataza kukamata nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, zana za fundi, zana za mkulima pamoja na mifugo na mbegu ambazo mahakama itaona anazihitaji ili ajipatie riziki, na hata nyumba anamoishi na familia yake ikiwa hakuiweka rehani. Ya Kenya ina orodha inayokaribiana na hiyo, ingawa mifugo ya mkulima inayokingwa ni ile ya thamani ya shilingi 10,000 za mwanzo, fedha ambazo leo hazinunui ng'ombe. Kwamba madalali wamekuwa wakibeba magodoro ni ushahidi kuwa wadaiwa hawaijui orodha hiyo, kwa maana haki usiyoijua huwezi kuidai.

Hapa Marekani mtu wa kawaida aliyelemewa na madeni hufungua kesi ya aina mbili, ambazo huitwa kwa sura za sheria zenyewe: Sura ya 7 na Sura ya 13. Katika Sura ya 7, ambayo ndiyo inayotisha watu, siku ile ile unayofungua kesi kila ulicho nacho huhesabiwa kuwa kimeingia katika kapu moja, na wanaokudai hulazimika kuacha kukupigia simu, kukushtaki na kukamata mali yako, isipokuwa kwa mambo machache kama matunzo ya watoto. Kapu hilo hukabidhiwa mfilisi, yaani mtu anayeteuliwa kuisimamia mali ya mdaiwa kwa faida ya wanaomdai. Kisha sheria hukuruhusu utoe kapuni vile vyenye kinga. Vinavyobaki ndivyo ambavyo mfilisi anaweza kuviuza, na katika kesi nyingi za watu wa hali yetu huwa hakuna kinachobaki. Ada ya kufungua kesi ni dola 338, na asiye na uwezo anaweza kuomba ailipe kwa mafungu au asamehewe kabisa.

Hapa wengi huchanganya mambo mawili. Kinga hupima ile sehemu ya thamani iliyo yako baada ya kutoa deni lililofungwa kwenye mali yenyewe, na wala haiondoi deni hilo. Ukiwa na gari linaloweza kuuzwa dola 14,000, na aliyekukopesha bado anakudai dola 11,000 za gari hilo hilo, lililo lako ni dola 3,000 tu. Mfilisi hana sababu ya kulitamani ikiwa dola hizo 3,000 zina kinga, lakini mwenye mkopo atalichukua usipoendelea kumlipa. Vivyo hivyo kwa nyumba. Nimesikia mtu akilaani mahakama ya ufilisi kwa kumchukulia gari, kumbe aliyelichukua ni yule aliyemkopesha, baada ya miezi minne bila malipo.

Orodha ya vitu vyenye kinga hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo. Yako majimbo ambayo huwalazimisha wakazi wake watumie orodha ya jimbo pekee; Texas humwachia mdaiwa achague kati ya orodha ya jimbo na ile ya serikali kuu, mradi asizichanganye.

Orodha ya Texas ni ya ukarimu wa kushangaza, na ukiisoma utadhani imeandikwa na wafugaji, jambo ambalo pengine si mbali na ukweli, kwa kuwa mizizi yake inafika mwaka 1839, Texas ilipokuwa bado nchi inayojitegemea. Nyumba unamoishi inakingwa bila kujali thamani yake, mradi ardhi yake isizidi eka 10 mjini, au kijijini eka 200 kwa familia na 100 kwa mtu asiye na familia. Mali isiyo ardhi inakingwa hadi jumla ya dola 100,000 kwa familia na 50,000 kwa mtu mmoja, na ndani ya jumla hiyo zimo samani, nguo, chakula, zana za kazi, gari moja kwa kila mwanafamilia mwenye leseni, vito visivyozidi robo ya jumla, bunduki mbili, ng'ombe 12, farasi, nyumbu au punda wawili pamoja na matandiko yao, na kuku 120. Biblia ya familia au kitabu kingine kitakatifu hakiguswi. Sikuwahi kumwona Mtanzania wa Fort Worth mwenye nyumbu, lakini sufuria zetu, zile zilizotajwa katika barua ya mwenzangu, zimo humo ndani bila wasiwasi wowote. Kisichomo katika orodha hiyo ni fedha taslimu, ziwe mfukoni au benki.

Orodha ya serikali kuu ni ya bei ya chini lakini ina mlango mmoja wa maana. Kwa viwango vilivyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2025, ambavyo hurekebishwa kila baada ya miaka 3, inakinga dola 31,575 za thamani yako katika nyumba unamoishi, dola 5,025 za gari, dola 3,175 za zana za kazi, dola 2,125 za vito, na vyombo vya nyumbani visivyozidi dola 800 kila kimoja na 16,850 kwa jumla. Mlango ninaousema ni kinga isiyochagua mali: dola 1,675, na juu yake hadi dola 15,800 za ile kinga ya nyumba ikiwa hukuitumia. Mpangaji, ambaye hana nyumba ya kukinga, anapata hivyo dola 17,475 za kuweka juu ya kitu chochote anachotaka, iwe fedha benki, marejesho ya kodi anayoyasubiri, au kiwanja. Mume na mke wakifungua kesi pamoja, kila mmoja ana kiasi chake.

Neno hilo, kiwanja, ndilo linalonirudisha kwenye ushauri wa mwandishi yule. Sheria ya ufilisi ya Marekani inasema kwamba mali inayoingia kapuni ni ya mdaiwa popote ilipo na yeyote aliyeishika. Haisemi mali iliyo Marekani. Kiwanja cha Kigamboni, nyumba ya vyumba viwili inayopangishwa Kitengela, hisa za ushirika, akaunti ya benki ya nyumbani, bodaboda uliyomnunulia binamu ili akuletee hesabu kila wiki, vyote vimo.

Mimi mwenyewe, mwenye kiwanja kimoja Kigamboni, nilikaribia kuangukia shimo hilo la kuficha. Kabla ya kumwona wakili nilimwendea mtu mmoja katika jumuiya yetu anayejaza fomu kwa malipo. Alikuwa mpole na aliharakisha, na tulipofika ukurasa wa ardhi aliniambia, "Dada, ya nyumbani tuyaache nyumbani." Niliitikia, kwa kuwa maneno hayo yalilingana na nilichotaka kusikia. Baadaye nilijifunza kwamba anayejaza fomu bila kuwa wakili anaruhusiwa kuandika unayomwambia tu, na hana ruhusa ya kukushauri uandike nini, uache nini, wala uchague orodha ipi ya kinga. Yeye angeondoka na ada yake. Kiapo kingebaki na jina langu.

Wakili niliyempata baada ya hapo aliniuliza swali moja ambalo yule bwana hakuniuliza: kiwanja hicho kina thamani gani? Kilikuwa na thamani ya takribani dola 6,500. Nilikuwa mpangaji. Kinga ya dola 17,475 ilikifunika, ikafunika na akiba yangu ndogo ya benki, na bado ikabaki. Yaani kitu nilichokuwa tayari kudanganya kwa ajili yake chini ya kiapo hakikuwa katika hatari yoyote.

Siku ya mkutano na mfilisi, ambao siku hizi hufanyika kwa video, nilinyanyua mkono wa kulia na kuapa, kisha nikaulizwa kama nimeorodhesha mali zangu zote, kama nina mali nje ya Marekani, na kama katika miaka michache iliyopita nimempa mtu yeyote mali au fedha. Nilitaja kiwanja. Mfilisi akauliza nimepataje thamani hiyo, nami nikamweleza kwamba mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa ulikuwa kati ya karatasi zilizotumwa kwake, pamoja na bei za viwanja viwili vya jirani vilivyouzwa mwaka ule. Hakuuliza zaidi. Zamu yangu haikufika dakika 10.

Sasa tuchukue njia aliyoishauri mwenzangu. Aliyeficha mali makusudi anaweza kunyimwa kabisa kufutiwa madeni, na hata kama ameshafutiwa, uamuzi huo unaweza kutenguliwa. Kuficha mali katika kesi hizi na kuapa uongo ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 5. Jambo ambalo watu hawalijui kabisa ni hili: mali uliyoiandika, mfilisi asipoishughulikia, hurudi kwako moja kwa moja kesi inapofungwa; mali usiyoiandika hairudi, bali hubaki ya kapu lile, na kesi inaweza kufunguliwa tena baada ya miaka kwa ajili yake. Mtu huyo siku atakapokiuza kiwanja chake na fedha zikaingia katika akaunti yake ya Texas, atakuwa ameuza kitu ambacho kwa sheria ya huku si chake. Kusema kwamba Mmarekani hawezi kujua ni kusahau kwamba tunatuma fedha za kununulia viwanja hivyo kupitia kampuni zinazotunza kumbukumbu, tunazungumza habari zake kwenye simu zetu, na kwamba mtalaka au mshirika mliyekosana hahitaji zaidi ya barua moja kwa mfilisi.

Kuna kundi la watu wetu ambao jambo hili linawagusa kwa namna ya pekee. Mtanzania mtu mzima anayeapa uraia wa Marekani hupoteza uraia wa Tanzania, na kwa miaka mingi sheria ya ardhi ya Tanzania haikumruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kwa sababu hiyo wengi wamenunua ardhi kwa fedha zao na kuiandikisha kwa jina la mdogo wao au la mama. Wanapofika kwenye fomu hujiambia kwamba hawana kitu, kwa kuwa jina si lao. Lakini ile kauli ya "yeyote aliyeishika" imewekwa kwa ajili ya hali kama hiyo, na kilicho chako hakiachi kuwa chako kwa kuwa kimebebwa na jina la ndugu. Kinyume chake pia kipo. Ikiwa jina lako limo kwenye hati lakini shamba ni la mama aliyelilipia, na wewe uliwekwa tu kwa kuwa ndiwe uliyekuwa na kitambulisho siku ile, sheria inatambua kwamba unalishika kwa niaba yake. Fomu ina mahali pa kuandika mali unayomshikia mtu mwingine. Andika hapo na uwe na ushahidi.

Ndugu zetu wanaingia katika habari hii kwa mlango mwingine pia. Mtu akishaona mambo yanaharibika, hisia yake ya kwanza ni kuwalipa wa damu yake kabla ya benki. Amemkopa kaka dola 4,000, basi anamrudishia zote, kisha miezi mitatu baadaye anafungua kesi. Kwetu huo ni uungwana, ila hapa mfilisi anaweza kumdai kaka huyo azirudishe, kwa kuwa malipo kwa jamaa katika mwaka mmoja kabla ya kesi huhesabiwa kuwa upendeleo dhidi ya wadai wengine. Kwa asiye jamaa, kama mwenzako wa upatu, muda unaotazamwa ni siku 90. Malipo yasiyofika dola 600 kwa mdai mmoja, kwa madeni ya kawaida ya nyumbani, hayasumbuliwi. Nao upatu wenyewe uandikwe: kama umechangia na zamu yako haijafika, hizo ni fedha unazodai, kwa hiyo ni mali; kama ulikwisha kupokea na bado unachangia, ni deni. Fomu inauliza vilevile zawadi zilizozidi dola 600 kwa mtu mmoja katika miaka 2, na dola 200 unazomtumia mama kila mwezi zinafika 4,800 katika muda huo. Kuziandika hakumaanishi mama atafuatwa. Kutoziandika ndiko kunakoifanya karatasi nzima itiliwe shaka.

Kwa wanaotoa zaka, fungu la kumi na sadaka, tangu mwaka 1998 ipo sheria inayozilinda sadaka zisizozidi asilimia 15 ya kipato cha mwaka, hivyo padri au imamu asiwe na hofu ya kudaiwa chenji.

Kosa linaloniuma zaidi, kwa kuwa nimelitafsiri kwa watu wengi mezani wakati lilikwisha kutendeka, ni la akiba ya uzeeni. Muuguzi msaidizi aliyefanya kazi ya usiku kwa miaka 9, akiwekewa akiba na mwajiri wake, anaitoa yote, anakatwa kodi pamoja na faini ya kuitoa kabla ya umri, na kinachobaki anakimwaga katika kadi za mkopo, kisha baada ya miezi 6 anafungua kesi kwa sababu kadi bado hazijaisha. Akiba hiyo ya kazini ilikuwa na kinga kamili. Hakuna mdai wa kadi ambaye angeigusa. Deni la kadi lingefutwa na uzee wake ungebaki mahali pake. Mkopo wa masomo, matunzo ya watoto na sehemu kubwa ya kodi za karibuni havifutwi kwa wepisi huo, lakini hayo ni mazungumzo mengine.

Wapo ambao uchaguzi wa orodha si rahisi kama wangu. Nitoe mfano wa dereva anayemiliki lori kwa jina lake mwenyewe, lenye thamani ya dola 40,000 na lisilo na mkopo, na ambaye ana kiwanja nyumbani cha dola 8,000. Orodha ya Texas itamkingia lori kama chombo cha kazi, lakini haina nafasi ya kiwanja kilicho nje ambacho haishi ndani yake. Orodha ya serikali kuu itamkingia kiwanja, na lori litauzwa. Mtu huyo aifikirie Sura ya 13, ambamo haachii mali yoyote, ila analipa kidogo kidogo kwa miaka 3 hadi 5, na wadai wasio na dhamana lazima wapate angalau kiasi ambacho wangepata kama mali isiyo na kinga ingeuzwa. Dola 8,000 zikigawanywa kwa miezi 60 ni kama dola 133 kwa mwezi, bila gharama za usimamizi. Kwa maoni yangu ni bei nafuu kwa kiwanja ambacho mtu anataka azikwe karibu nacho, ingawa najua madereva watakaoona wamechekwa.

Aliyehamia Texas karibuni asikimbilie hesabu hizo. Ili utumie orodha ya jimbo ni lazima uwe umeishi humo kwa siku 730 kabla ya kufungua kesi. Vinginevyo hutazamwa jimbo ulilotoka. Na aliyenunua nyumba ndani ya siku 1,215, ambazo ni miaka 3 na miezi minne hivi, ile kinga isiyo na kikomo huwekewa kikomo cha dola 214,000, isipokuwa kama thamani hiyo ameihamisha kutoka nyumba yake nyingine ya zamani humo humo jimboni. Kwa hiyo ushauri wa kuhama jimbo, ambao mwenzangu ameutoa kama dawa, unaweza kumpotezea mtu kinga nzuri zaidi aliyokuwa nayo.

Kifungu kimoja kilininyima usingizi, nami nakitaja kwa kuwa sijaona mtu wa kwetu akikizungumza. Ukipata haki ya kurithi ndani ya siku 180 baada ya kufungua kesi, urithi huo nao huingia kapuni, hata kama kikao cha mirathi hakijakaa na shamba halijagawanywa. Unatakiwa utoe taarifa. Mama yangu alikuwa mgonjwa mwaka ule. Nilijikuta nikihesabu siku za kesi na siku za dawa zake katika kalenda moja, na sitaki kueleza zaidi ya hapo. Ila siku ya 181 ilipofika nilimpigia simu asubuhi na mapema, naye akaniuliza kwa nini nalia.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba gazeti lako likipata wakili wa ufilisi anayekubali kuhojiwa, mumuulize habari za ardhi ya nyumbani, upatu na mirathi, kwa kuwa maelezo mengi yaliyopo kwa Kiingereza yameandikwa kwa mtu ambaye mali yake yote iko mtaa mmoja na benki yake. Nawakumbusha pia wasomaji wasiojua Kiingereza vizuri kwamba katika mkutano na mfilisi mkalimani hupatikana kwa simu bila malipo, na Kiswahili kimo. Asije mtu na mtoto wake wa miaka 12 kumtafsiria kiapo.

Kuhusu mwenzangu aliyeandika barua ile, simlaumu kwa nia yake. Namwalika tu aende kwenye faili za mahakama, ambazo ziko wazi kwa umma, atafute orodha ya mali ya kesi yangu. Atakuta, chini ya kochi, kitanda, meza, televisheni ya zamani na seti ya sufuria, mstari unaotaja kiwanja kimoja Kigamboni, Dar es Salaam, na pembeni yake kinga iliyodaiwa kwa thamani yote. Bikoni zake nne bado ziko pale.

Wako katika ujenzi wa lugha na jumuiya,

Mkalimani na msomaji wenu,
Fort Worth, Texas